Taulo la Siku ya Tatu

Section 58, Nakuru
19 Oktoba

Kwa mpwa wangu Awuor,

Kabla sijakusalimia, ujue barua hii imeandikwa na mtu ambaye hapa Nakuru mambo ya sumo hayawezi kuanza kama hajafika. Sijisifu, ni vile iko. Kutoka Section 58 mpaka Njoro, hata ukiuliza wale wasomi wa chuo kikuu, watakuambia: sumo? Muulize Jerry Ooko. Juzi gari kubwa la serikali lilisimama pale nje kwa kinyozi Waithaka, kioo kikashuka, na mkubwa mmoja ambaye jina lake nalihifadhi akaniuliza, "Mzee, ni kweli bingwa mkuu ameumia goti?" Nikamwambia ni kweli. Akapandisha kioo, akaenda kupanga mambo ya nchi akiwa ametulia.

Sasa salamu. Sisi wazima. Mama yako mzima, na sauti yake ndiyo nzima zaidi. Upepo uliangusha mti wa parachichi wa jirani ukaegemea ukuta wetu, na sasa matunda yanaanguka upande wetu, kwa hivyo hatujamwambia autoe. Kosgei niliyekuwa naye kwa lango amehamishwa, na ghala lote la ngano liko mikononi mwangu peke yangu kila zamu. Wezi wakisikia ni mimi wanabadilisha njia. Huko baridi imeanza? Vaa soksi mbili.

Barua yako niliipata kwa sanduku la posta la kazini, kama tulivyokubaliana. Ulifanya vizuri kutopiga simu. Mama yako simu yake iko kwa spika tangu siku aliyoinunua, na kila neno unalosema linafika mpaka kwa Mama Nerima ng'ambo ya ua.

Nimeelewa yote. Mkataba wako wa kutunza wazee unaisha Machi. Wajapani wanataka ukae miaka mitatu tena, wewe unataka kukaa, na jibu wanalihitaji katikati ya Januari. Mama yako anajua unarudi Pasaka na hajui kingine. Unataka mimi ndiye nimwambie. Sawa. Kwetu neno zito la mtoto kwa mama yake hupita kwa ndugu ya mama, na ndugu ya mama yako ni mimi, hakuna mwingine. Hata ile siku ya kutangaza unaenda Japani, si ni mimi nilisimama mezani mpaka chapati zikapoa watu wakinisikiza? Jumapili hii, tukitoka kanisa, nitamketisha dada yangu Sue, na maneno yataisha kabla ya chai. Mimi nyati wa Lake Nakuru aliniangalia mara moja akarudi vichakani mwenyewe. Nitashindwa na dada yangu mdogo?

Mashindano ya Novemba yanakuja. Wangu ni yuleyule Kumonotani, kilo mia na kumi tu kati ya majitu ya mia na sabini. Hapa tunamwita Mdogo. Bingwa mkuu, yule wanamwita yokozuna, sisi tunamwita Tingatinga. TV na dishi ni vya mama yako lakini mwenyekiti ni mimi. Nimewafundisha watu: siku kumi na tano, kila mtu pambano moja kwa siku. Ukikanyaga nje ya duara, au ugusishe chini kitu chochote isipokuwa nyayo, umeenda. Ushinde nane ndio ulale na heshima. Na nimewafundisha mambo ya mito: Tingatinga akiangushwa, yeye pekee, si mwingine, watazamaji wanarusha mito ya kukalia. Tulifanya hivyo mara moja kwa sebule ya mama yako. Alitufukuza sote, na vitambaa vyake akavifua upya.

Mjomba wako,
Jerry Ooko, Mwenyekiti


Tokyo
9 Novemba

Anko Jerry,

Mko aje? Hapa majani ya miti yamegeuka mekundu na watu wanasimama njiani kuyapiga picha. Nimevaa soksi mbili, na moja ni ya Bi Harada. Huyu ndiye nyanya ninayemtunza zaidi, ana miaka tisini na moja, na akitazama sumo anagonga meza na kijiko. Nilimwambia nina mjomba Kenya anayejua sumo kuliko Wajapani. Akauliza ana kilo ngapi. Nikasema hamsini na tano. Alicheka mpaka nikamletea maji.

Leo ni siku ya kwanza na Mdogo wako ameshinda. Alishuka chini, akashika mguu wa yule mtu kama anayekamata kuku, na kwisha.

Sasa, Anko. Ile Jumapili uliyosema imepita, na nyingine mbili zimepita. Jana Mama amenipigia akauliza chumba changu akipake rangi ya maziwa au ya kijani. Mtu aliyeambiwa siji hapaki chumba changu rangi. Umemwambia ama bado?

Sitaki alipate hili neno vibaya. Nikimwambia kwa simu, kina mama wa kanisa watalisikia kabla yeye hajavuta pumzi, na atalazimika kujifanya amefurahi mbele yao. Sitaki ajifanye. Ndiyo maana nimekuomba. Kama huwezi, niambie huwezi. Sitakasirika, nitatafuta njia nyingine.

Kwa nini nataka kubaki, usiniulize sasa. Hata mimi sijapata maneno yake.

Nisalimie kina Waithaka.

Awuor


Section 58, Nakuru
30 Novemba

Awuor, binti wa dada yangu,

Salamu kwanza kwa huyo Bi Harada, na umwambie kilo si nyama peke yake. Kuna kilo za akili. Hapa mvua imezidi, na kule Njoro barabara ya ghala imekuwa matope matupu. Juzi lori lilikwama na madereva watatu wakashindwa. Nilikuja, nikaweka bega, nikasema neno moja ambalo siwezi kuliandika, na lori likatoka.

Mdogo amenitesa. Ameshinda saba akapoteza nane, yaani pambano moja tu ndilo limemwangusha. Januari anaanzia mkiani kabisa mwa daraja la juu, na akipoteza tena ataondolewa kati ya wakubwa. Siku ile ya mwisho nilitembea kutoka nyumbani mpaka mjini na kurudi bila kujua nimeenda kufanya nini.

Sasa lile jambo. Limeisha. Nilimpata mama yako anafuma kitambaa, nikamwambia yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya chini kama daktari. Akaweka uzi chini. Akasimama. Nilidhani ananipiga, kumbe ni vigelegele! Mbwa wote wa Section 58 wakaitikia. Akasema, "Miaka mitatu? Kwani walikosa sita?" Akanishika mkono akaniambia, "Ooko, umenifungua moyo."

Hiyo rangi ya chumba ni ya wageni, usihofu. Ila aliomba mambo mawili. La kwanza, usilitaje kwa simu. Anataka likae kwanza, liumuke kama unga wa mandazi. La pili, alisema ukimshukuru siku moja mbele za watu, hapo atajua kweli amezaa.

Saini bila wasiwasi.

Mjomba wako ambaye akisema kitu kimesemwa,
Jerry Ooko


Tokyo
20 Desemba

Anko wangu,

Heri ya Krismasi mapema. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za kazini, na niliingia ndani nikiwa bado na koti na kofia, mpaka wazee wakaniuliza kama naenda nyumbani. Nimekuwa nikilala vibaya tangu Septemba. Jana nililala kama gunia.

Sikujua Mama anaweza kufurahi hivyo. Nimeyasoma yale maneno yake mara nyingi. Na ombi lake la kushukuriwa mbele za watu nimelipatia jibu.

Kila Januari Bi Harada hununua viti viwili kwenye mashindano hapa Tokyo. Safari hii mjukuu wake hawezi, kwa hivyo nitamsukuma mimi kwenye kiti chake cha magurudumu. Tutaenda siku ya tatu, Jumanne tarehe 13. Unajua vile mashabiki wanainua mataulo yenye jina la mtu wao, na kamera inawatafuta? Tumeshona letu. Upande mmoja kuna jina la Mdogo kwa Kijapani. Upande wa pili, herufi nyekundu kubwa kama sufuria: ASANTE MAMA – MIAKA MITATU TENA. Bi Harada ndiye amekata herufi, mimi nimeshona. Mdogo akipanda ulingoni nitainua jina lake kwanza, kisha nageuza. Na mtu mweusi mmoja kati ya Wajapani elfu kumi, kamera haiwezi kumruka.

Mama nimemwambia kwa simu kwamba Jumanne hiyo saa nne asubuhi aketi mbele ya TV. Jambo lenyewe sijalitaja, kama ulivyoniambia. Mkae karibu muone vizuri.

Asante, Anko. Ningekuwa huko ningekununulia nyama.

Awuor


Section 58, Nakuru
10 Januari, Jumamosi

Awuor,

Barua yako ya Desemba imefika leo. Posta ya Krismasi inatembea kwa magoti. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Mambo ya taulo, si ungeshauriana kwanza? Taulo ni kitu cha kujipangusa. Mtu hatoi siri ya nyumba kwa kitu cha kujipangusa. Najua barua hii haitakufikia kabla ya Jumanne, lakini naandika kwa sababu mkono umekataa kukaa bure.

Sisemi kuna shida. Hakuna shida.

11 Januari, Jumapili

Siku ya kwanza. Mdogo alirusha ile chumvi ya kutakasa ulingo vizuri sana, akainama, akavuta pumzi, na yule mrefu mwenye kifua kama mlango wa kanisa akamsukuma mara tatu mpaka nje. Nilikuwa nimesimama kabla hajapoteza na niliendelea kusimama baadaye. Mama yako aliniambia nikae, namzuilia mwanga.

Kanisani leo ametangaza. Jumanne saa nne, kwake, chai na mandazi, watu waje wamwone mtoto wake kwa TV ya Japani. Kina mama wote wameinua mikono. Hata pasta aliinua, kisha akakumbuka ana kikao.

Nilimfuata jikoni tukirudi, akiwa anamenya viazi.

"Sue," nikasema.

"Nini?"

"Kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Hivi viazi ni vya Molo?"

"Ni vya Molo."

"Vizuri."

Nikatoka nje nikazunguka nyumba. Nilikuwa tu naangalia ukuta.

12 Januari, Jumatatu

Siku ya pili. Mdogo amepoteza tena, na hii mara hata hakusukumwa. Alikuwa anashinda! Alikuwa ameshika mkanda wa yule mtu vizuri, anamzungusha, kisha kidole cha mguu wake mwenyewe kikateleza na mkono ukagusa mchanga. Mkono wake mwenyewe, Awuor. Mtu anajiangusha vipi na kazi iko karibu kuisha?

Nimeshindwa kulala baada ya zamu. Nimeenda kwa Waithaka kunyolewa na nilinyolewa Ijumaa. Akaniuliza, "Mwenyekiti, nikate nini sasa, masikio?"

Mchana, mama yako akiwa nje anaanika nguo, nilichukua simu yake mezani. Nilitaka tu kuhakikisha namba yako imehifadhiwa vizuri. Akaingia.

"Ooko, unatafuta nini kwa simu yangu?"

"Naangalia saa."

"Na hiyo iliyo ukutani ni ya nini?"

"Nalinganisha."

Aliniangalia vile mama alikuwa anatuangalia sukari ikipungua. Nikaweka simu chini. Dada yako huyu, samahani, mama yako huyu, ana macho.

13 Januari, Jumanne

Awuor, TV imekufa.

Tulia nikuelezee. Watu walikuwa wengi. Mama Nerima alichukua kiti cha mbele, majirani Wariara na Cheptoo wakakaa kwa mkono wa kochi, wengine chini. Mama yako alivaa ile nguo aliyoshonewa harusi ya binamu yako Valarie. Mimi nilikaa karibu na TV kama mwenyekiti, na mto wangu mapajani, nikiwaelezea watu.

Mdogo akapanda. Na hapo nyuma ya bega lake, kweli kamera ilikupata. Kofia nyeupe. Nyanya mmoja mdogo kando yako anagonga kitu na kijiko. Sebule yote ikapiga kelele. Mama yako hakupiga. Alisogea mbele mpaka ukingo wa kochi akasema polepole, "Amenenepa." Basi, hilo tu.

Ukainua taulo, upande wa Kijapani. Watu wakapiga makofi. Nikaona mkono wako wa kulia unaanza kugeuka.

Wakati huohuo kukawa na tetemeko la ardhi. Unajua Menengai ni volkano, haijafa, imelala tu. Ilitikisa upande wa sebule yetu zaidi, kwa sababu ya mawe yaliyo chini. Mto wangu ukatoka mikononi ukaenda kwa TV, TV ikaenda kwa ukuta, kisha sakafuni, na ikawa nyeusi na mistari ya kijani. Kuna watu watakuambia niliurusha. Tetemeko ndilo lilirusha.

Mama Nerima, na huyo mama ana mdomo, akasema, "Mwenyekiti, si ulitufundisha mito inarushwa akianguka Tingatinga peke yake? Tingatinga si bado amevaa viatu huko nyuma?"

Nikamwambia kuna sheria mpya.

Mama yako aliokota vipande, akawapa wageni chai. Alikuwa anarudia tu, "Mlimwona? Amenenepa, mlimwona?"

Kwa hivyo kila kitu kiko sawa. Niambie kama Mdogo alishinda. Mimi sikuona, na watu wananiuliza.

Mjomba wako,
Jerry


Tokyo
2 Februari

Anko Jerry,

Natumaini hamjambo. Hapa kumenyesha theluji kidogo na Bi Harada ana kikohozi, lakini anakula.

Mama amenipigia mara tatu tangu siku ile. Mara ya kwanza aliuliza kama tetemeko la Nakuru limefika Tokyo. Mara ya pili alisema niliiva kwa TV, yaani nilipendeza, na kwamba kina mama wanauliza taulo lilikuwa limeandikwa nini kwa Kijapani. Mara ya tatu aliuliza ndege yangu ya Pasaka inatua saa ngapi, kwa sababu amenunua godoro jipya na anataka kulitoa nailoni siku hiyo, si kabla, lisishike vumbi.

Nilimwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Hakukuwa na vigelegele, Anko. Hukumwambia. Ulikaa miezi mitatu ukijua hukumwambia, na mimi nikasaini tarehe 15 nikidhani nina baraka yake. Bi Harada aliniuliza kama mama yangu alisoma herufi zake. Nikamwambia amezisoma na amefurahi. Sasa na mimi nimeanza kutunga.

Sijakasirika kwa sababu uliogopa. Nimekasirika kwa sababu nilikupa njia ya kusema huwezi na hukuitumia.

Utaniuliza kwa nini nisimpigie tu. Nitakuambia. Sikukuchagua kwa sababu ya desturi peke yake. Mama akiumia ukiwa karibu naye, haumii kwa muda mrefu. Sijui huwa unafanya nini. Nimeona hivyo tangu nikiwa mdogo, na sikutaka hili limpate akiwa na simu tu mkononi.

Mdogo alivyofanya siku ya tatu sikuambii. Wala siku zilizofuata, wala kama amebaki na wakubwa ama ameshuka. Nenda kwa Mama. Ukishindwa, andika neno moja tu, "nimeshindwa," na mimi nitampigia kwa hiyo spika, na kanisa lote lisikie.

Awuor


Section 58, Nakuru
24 Februari

Awuor,

Huyo Bi Harada mpe tangawizi na asali, asikae karibu na dirisha. Sisi tuko. Jua limerudi, vumbi limerudi nalo.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilipitia kwa Waithaka, na kabla sijakaa akauliza mbele ya watu, "Mwenyekiti, Mdogo alimaliza vipi?" Nikasema alishinda kumi na moja. Akachukua simu yake, akaandika, akaangalia, akaniangalia mimi. Akaendelea kunyoa. Ningeweza kunyoosha shingo nione ile simu inasema nini. Sikunyoosha. Nilisema nitajua kwako au sitajua.

Jumapili nilimkuta mama yako sebuleni peke yake. Ile TV iliyokufa ameifunika kitambaa cheupe, imekaa pale kama maiti inangoja gari. Alikuwa anahesabu pete za pazia la chumba chako. Nikakaa.

"Sue."

"Nini? Viazi?"

"Si viazi. Ni Awuor."

Akaacha pete. Nikafungua mdomo niseme. Na badala ya maneno, machozi yakaanza kunitoka.

"Ooko?" akasema. "Ooko, mtoto wangu ana nini?"

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa namaanisha hana kitu, ngoja nipumue. Yeye akaelewa vingine.

"Amekufa? Ooko! Mtoto wangu amekufa?"

Nikazidi kulia. Awuor, mama yako alipiga yowe ambalo sijalisikia tangu tumzike baba. Mama Nerima aliruka ua, haki ya Mungu, na ule unene wake. Wariara akaja na unga mpaka kwenye viwiko. Mtu akaanza wimbo wa msiba, mwingine akauliza nani ana namba ya pasta. Viti vilikuwa vinatolewa nje! Vijana wa nyumba ya tatu wameshabeba kochi liko mlangoni. Mimi nikiwa katikati, pumzi haiingii, kila nikitaka kusema Cheptoo ananikandamiza kifuani akiniambia, "Lia, mzee, toa yote."

Mwisho nikamsukuma Cheptoo nikapiga kelele: "Hajakufa! Amesaini miaka mitatu!"

Kochi likasimama mlangoni.

"Amesaini nini?" mama yako akauliza.

"Kazi. Miaka mitatu tena. Pasaka harudi."

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Si ulimwona amenenepa?"

Akakaa chini, pale pale kwa saruji. Akaanza kucheka, na kucheka kukachanganyika na kitu kingine, kisha akavua ndara akanichapa nayo begani, na mara ya pili akasema ni ya TV. Kumbe alijua. Watu wote walijua, hata Menengai yenyewe inajua. Nikamwambia yote basi, mambo ya taulo na vile lilikuwa limeandikwa upande wa pili. Akaniuliza herufi zilikuwa za rangi gani. Nikasema nyekundu. Akauliza nani alizishona. Nikasema wewe. Akawageukia kina mama akawaambia, "Miaka mitatu si mingi." Mama Nerima akasema si mingi. Mama yako akarudia, "Si mingi hata kidogo. Rudisheni kochi langu ndani."

Sitakuficha, maana umechoka kufichwa. Jioni alitoa lile pazia, akalikunja, akalitia kabatini. Godoro amesema likae na nailoni yake. Alikaa kwa mlango wa chumba chako muda mrefu na sikumfuata. Lakini asubuhi aliniletea chai mwenyewe, na akauliza miaka mitatu ikiisha utakuwa na miaka mingapi. Tukahesabu pamoja. Anakuomba umpigie Jumapili. Atazima spika, ameshamwuliza Mama Nerima batani ni gani.

Sasa hapa mtaani jina langu limerudi juu, juu kuliko ile siku ya mkubwa wa serikali. Watu wanasema Jerry Ooko ana akili ya ajabu. Wanasema nilijua mama akiambiwa harudi atavunjika, kwa hivyo nikamtisha kwanza na kubwa ndio dogo lipite kama maji. Waithaka anawaelezea wateja kwamba hiyo ni mbinu ya sumo kabisa: unamwacha mtu asukume kwa nguvu zake zote, kisha unamwondokea. Jana wanaume wawili ambao siwajui walinisimamisha kuniuliza vile mtu anaweza kumwambia mke wake jambo gumu. Niliwashauri.

Sijawakataza kusema hivyo. Wewe nakuambia kwa sababu uliniandikia ile barua vile uliniandikia. Hakukuwa na mbinu. Nilikaa pale nikiwa nimeshika sentensi yangu, fupi tu, "Awuor harudi Pasaka." Nikafika kwa jina lako nikaenda vizuri. Lile neno la pili ndilo lilinishinda. Nililia, Awuor, kwa sauti, kamasi mpaka kwa kola, na dada yangu mdogo ndiye alinipangusa.

Mjomba wako,
Jerry